Somo la 6: Huduma ya Nyumbani Inayomrudishia Mzee Uwezo Wake

Familia nyingi humtafutia mzee wao mhudumu wa nyumbani baada ya kiharusi, kuvunjika nyonga au kulazwa hospitalini kwa muda mrefu. Nia huwa njema: mzee apumzike, asihangaike. Hata hivyo, mzee anayefanyiwa kila kitu hupoteza hata uwezo mdogo aliobaki nao, kwa kuwa misuli isiyotumika hudhoofika upesi. Somo hili linamwelekeza mtumiaji wa huduma namna ya kulipia msaada unaomwezesha mzee kujitegemea tena.

Anza na lengo, kisha bei

Chukulia mfano wa bibi mwenye umri wa miaka 72 aliyepata kiharusi, mkono na mguu wake wa kushoto ukadhoofika. Kabla ya kuajiri mtu, familia iketi naye na kumwuliza: "Bibi, ni jambo gani ungependa kulifanya tena mwenyewe?" Huenda akataja kwenda msalani bila kushikwa, kujifunga kanga au kuchambua mchele. Jibu lake ndilo lengo la huduma, nalo liandikwe. Mtaalamu wa fiziotherapia aombwe kuligawa katika hatua ndogo za mazoezi ya kila siku. Jambo hili lisicheleweshwe, kwani kwa kawaida maendeleo makubwa zaidi baada ya kiharusi hupatikana katika miezi ya mwanzo.

Dalili za mhudumu anayeijua kazi

Mwombe mhudumu afanye kazi mbele yako kwa siku moja, kisha utazame mambo yafuatayo:

1. Anapomvisha mzee, huanza na mkono dhaifu. Anapomvua, huanza na mkono wenye nguvu. Humwachia mzee afunge vifungo mwenyewe, hata kama itachukua dakika 10.
2. Anapomwinua, hamvuti kwa mkono dhaifu, maana bega linaweza kuteguka.
3. Humshikisha fimbo upande wenye nguvu. Mzee akisimama wima na mkono ukining'inia, kishikio cha fimbo huwa usawa wa kifundo cha mkono.
4. Mzee akipaliwa au kukohoa kila anapokula au kunywa, huiarifu familia mara moja ili ushauri wa kitabibu utafutwe.

Familia nayo ina wajibu wake: kuweka vishikizo imara msalani, kuondoa mikeka inayoteleza, kuacha taa njiani usiku, na kupanga vyombo vya kila siku mahali mzee anapovifikia bila kuinama.

Kagua kabla ya kutia saini

Anayejitambulisha kuwa muuguzi anapaswa kuwa amesajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga Tanzania na kuwa na leseni hai. Omba kuiona leseni hiyo; usiridhike na sare pekee. Mhudumu asiye na taaluma ya afya anaweza kuogesha, kupika na kusimamia mazoezi aliyoelekezwa, lakini kuchoma sindano au kubadili dawa si kazi yake.

Mkataba uwe wa maandishi. Utaje majukumu, malipo, siku ya mapumziko, lengo la mzee na utaratibu wa kuusitisha. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni saa za ziada zenye malipo yake. Kumnyima mhudumu mapumziko ni kumhatarisha mzee pia, kwani aliyechoka humwinua vibaya. Epuka kulipa miezi mingi kwa mkupuo, na dai stakabadhi kwa kila malipo. Namba ya siri ya simu ya mzee asipewe mhudumu kwa sababu yoyote.

Pima matokeo

Kila baada ya wiki mbili, mwulize mzee mwenyewe, mhudumu akiwa hayupo: Ni jambo gani sasa unalifanya bila msaada? Ni lipi unalofanyiwa ingawa unaliweza? Je, unasemeshwa kwa heshima?

Mzee anapopata nguvu, saa za msaada hupaswa kupungua, na gharama nazo zipungue. Miezi ikipita bila mabadiliko, rudini kwa mtaalamu kabla ya kuongeza muda wa mkataba. Wapo wazee ambao uwezo wao hautarudi wote; kwao, lengo ni kulinda ule uliobaki pamoja na haki yao ya kuamua nini wavae, nini wale na saa ngapi walale.

Zoezi

Pamoja na mzee wako, andikeni mambo matatu anayofanyiwa leo. Chagueni moja ambalo ataanza kulifanya mwenyewe wiki hii, kisha mwonyesheni mhudumu kabla hajaanza kazi kesho.