Kufundisha “Nguzo Mama” katika Shule za Uluguru

Penina Muhando alizaliwa mwaka 1948 huko Berega, mkoani Morogoro. Katika tamthilia yake Nguzo Mama (1982), wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo, nayo haisimami. Mwalimu asianze kwa wasifu wa mwandishi, wala asieleze maana ya nguzo mapema. Awape wanafunzi gogo refu walisimamishe mbele ya darasa, kila mmoja akivutia upande wake. Ndipo aulize: “Kwa Waluguru ukoo hufuata mama; je, kazi za mama hupungua?” Wasichana watajibu upesi (ndio watokao mtoni na ndoo). Wavulana wakicheka, wasikemewe. Waulizwe nani huteka maji nyumbani kwao, na majibu yaandikwe ubaoni, jina kwa jina.