Kondoo akiugua, weka kisu chini

Barua nyingi za msimu huu zinatoka kwenye nyanda zilizofurika, na swali ni moja: kondoo wametupa mimba karibu zizi zima, vitoto vinakufa, je, walio hoi wachinjwe kabla hawajawa kibudu?

Hapana. Mimba zikitoka kwa mkupuo baada ya mvua kubwa, shuku Homa ya Bonde la Ufa, na mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo. Mayai ya mbu wa jamii ya Aedes hulala miaka kwenye udongo mkavu wa mabonde, mengine yakiwa tayari na virusi. Maji yakisimama, yanaanguliwa. Ndivyo ilivyokuwa 2006 hadi 2007: Garissa kwanza, baadaye Dodoma na Morogoro, watu zaidi ya 200 wakafa Kenya na Tanzania.

Mbu huambukiza watu, ndiyo, lakini wengi huupata ugonjwa kwa kugusa damu na majimaji ya mnyama: kuchinja, kuchuna, kuzalisha, kubeba kijusi kwa mikono mitupu. Bado kila msimu naona wafugaji wakiwahi kisu ili kuokoa nyama, na wachuuzi wakizunguka na pikipiki kununua wagonjwa kwa bei ya kutupa. Mchuuzi huyo anakwepa mkaguzi, anaondoka na faida. Kijana aliyechuna anabaki na virusi. Msiwauzie! Mzoga na vijusi vishikwe kwa glavu, vizikwe kwa kina, mbwa wasivifikie. Maziwa yachemshwe.

Kwa mtu, homa huanza siku 2 hadi 6 baadaye, na maumivu ya misuli na kichwa. Inafanana mno na malaria, kwa hiyo mwambie tabibu kwamba umeshika mnyama mgonjwa. Asipojua, damu yako haitapelekwa maabara kutafutwa virusi au kingamwili. Wengi hupona. Wachache huumia macho au ubongo, au hutokwa damu, na katika hao wa kutokwa damu karibu nusu hufa. Dawa mahsusi haipo; hospitali hukupa maji, damu na uangalizi, na ukichelewa hata hayo hayatoshi.

Chanjo ya mifugo ipo, lakini ni ya kabla ya mvua. Anayekuja kuchanja katikati ya mlipuko kwa sindano moja kundi zima, mfukuzeni: sindano hiyo huhamisha virusi.