Siku Tisini za Kwanza za Mgeni



Somo la mwezi huu tumelitoa mbali, katika mji wa Portland, jimbo la Maine, huko Marekani. Mtauliza, sisi na Portland wapi na wapi? Jambo lipo. Baadhi ya watu waliopokelewa pande hizo walitoka Dadaab na Kakuma. Walichota maji katika visima vya nchi hii na watoto wao walianza kusoma hapa. Halafu kuna swali ambalo vikundi vinatuuliza kila tukiwatembelea: mtu akihamia kijijini kwetu bila kitu, kikundi kimsaidie mpaka wapi? Wengine wanasema ukimsaidia sana atazoea. Tukaona afadhali tuangalie mahali ambapo kazi hiyo imefanywa miaka mingi, tuone walipofaulu na walipokwama.

Portland ni mji wa bandari, kando ya bahari ya Atlantiki. Si mji mkubwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilipata watu wapatao 68,000 tu. Baridi yake ni ya kuganda. Theluji inaweza kulala chini miezi mingi. Wageni wa kwanza katika kazi hii ya mapokezi walikuwa watu wa Vietnam na Cambodia, miaka ya 1970 na 1980, na shirika la Kanisa Katoliki la huko, Catholic Charities Maine, lilianza kazi hiyo wakati huo. Baadaye wakaja Wasomali, Wasudani, Wakongo, Warundi na wengine.

Kabla hatujaendelea, tutenganishe watu wawili ambao tunapenda kuwachanganya. Mkimbizi, kwa maana ya sheria ya Marekani, ni yule aliyehojiwa na kukubaliwa akiwa bado nje, tuseme Kakuma, ndipo akapanda ndege na karatasi zake mkononi. Akifika anaruhusiwa kufanya kazi mara moja. Mwomba hifadhi ni yule aliyefika mwenyewe, kwa miguu au kwa basi au vyovyote, ndipo akasema, "Nimekimbia, naomba mnipokee." Huyu wa pili kesi yake inasikizwa akiwa tayari yuko ndani ya nchi, na kwa muda mrefu haruhusiwi kufanya kazi. Wote wawili wamekimbia vita, lakini mmoja anapokelewa uwanja wa ndege na mwingine hana wa kumpokea. Tofauti hii mtaiona ilivyoleta shida mwaka 2019.

Tuanze na yule mwenye karatasi. Shirika linalompokea lina siku tisini za kufanya kazi fulani, na kazi hizo zimeandikwa, si za kukumbuka kichwani. Familia ilakiwe uwanja wa ndege na mtu anayesikia lugha yao. Ipelekwe nyumba iliyokwisha kupangwa, yenye vitanda, sufuria, sahani na blanketi. Chakula kiwe tayari siku hiyo hiyo, tena chakula wanachokijua. (Jambo hili la chakula tulilipenda sana. Mtu aliyesafiri siku mbili ukimwekea kitu asichojua kama kinaliwa kwa mkono au kwa kijiko, umempokea nusu.) Wapewe nguo za baridi. Waonyeshwe jiko linavyowashwa na namba ya kupiga simu nyumba ikishika moto. Kisha zifuate karatasi: namba ya serikali ambayo bila hiyo hakuna mshahara, uchunguzi wa afya, watoto kuandikishwa shule, watu wazima kuandikishwa darasa la Kiingereza, na mwisho kutafutiwa kazi.

Angalieni kwamba pesa hazikuwekwa mbele. Katika orodha hiyo kitu kikubwa ni mtu wa kwenda naye. Ofisi ya serikali hata huku kwetu inamtisha mtu aliyezaliwa hapa, sembuse mgeni.

Tena tuondoe uongo mmoja unaozunguka vijijini, ati wanaopelekwa Marekani wanapewa kila kitu bure. Hata nauli ya ndege ni deni! Mkimbizi hutia sahihi kabla ya kuondoka kwamba atalirudisha. Halina riba, na malipo huanza yapata miezi sita baada ya kufika, kidogo kidogo kila mwezi. Familia ya watu wanane inaanza maisha mapya na deni la tikiti nane. Na uongo wa pili ni mbaya zaidi: kuna matapeli wanaouza "fomu za kwenda ng'ambo." Kuandikishwa na kupelekwa kwa njia hii hakuuzwi. Atakayewaomba pesa ni mwizi, hata akiwa na kitambulisho shingoni. Isitoshe, tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani iliusimamisha mpango huu, na watu waliokuwa wamekwisha kuuza vyombo vyao wakingoja ndege wakabaki walipokuwa. Kwa mwaka wa fedha uliofuata kikomo kikawekwa watu 7,500 kwa dunia nzima, kidogo kuliko wakati wowote tangu sheria yao ya mwaka 1980. Basi mtu asije akauza shamba kwa ajili ya fomu.

Sasa siku ya tisini na moja inakuwaje? Hapa ndipo mahali pagumu, na tunaomba mpakae muda mrefu katika mkutano wenu.

Baada ya siku tisini mgeni hajawa mwenyeji. Baba amepata kibarua cha kufungasha samaki au kufua mashuka ya hoteli, mama yuko darasani, na barua zinaingia mlangoni. Huko mambo mengi huenda kwa barua: ya shule, ya hospitali, ya mwenye nyumba, ya serikali ikitaka jibu kabla ya tarehe fulani. Asiyesoma Kiingereza anaiweka juu ya kabati. Tarehe inapita, msaada unakatwa, na yeye hajui kosa lake. Kwa hiyo vikundi vya wahamiaji wenyewe vimejifunza kufanya kazi ambayo haionekani kuwa kubwa: kukaa na mtu na kumsomea barua zake.

Na hapo wanaangalia sana nani anasoma. Mtoto akishika Kiingereza mapema, anakuwa mdomo wa nyumba nzima. Anakwenda na mama hospitali na kumweleza daktari mambo ya tumbo la mamake ambayo hakupaswa kuyajua. Sheria ya huko inazikataza hospitali zinazopokea fedha za serikali kumtumia mtoto kama mkalimani, isipokuwa pana dharura na hakuna mtu mwingine. Sisi huku je? Ni mara ngapi tumemwona msichana wa darasa la sita akimfasiria nyanyake mbele ya mganga wa zahanati, na hakuna aliyeshtuka? Sisi wenyewe tumewahi kumtumia mtoto namna hiyo, kwa kuwa tulikuwa na haraka.

Tulikosea na jingine. Baada ya fujo za uchaguzi wa mwisho wa 2007, akina mama kadhaa walifika katika kituo kimoja tulichokuwa tukikisaidia. Kikundi cha hapo kilichanga unga, mafuta na magodoro, watu wakashangilia, picha zikapigwa. Wiki ya tatu hakuna aliyerudi. Miezi mitatu baadaye tukakuta mama mmoja, mtoto wake wa kiume hajaingia shule hata siku moja. Mwalimu alitaka barua ya uhamisho kutoka shule ya zamani, na shule yenyewe ilikuwa imechomwa. Ilihitajika mtu mmoja tu wa kumsindikiza kwa mzee wa mtaa, kisha kwa chifu, kisha kwa ofisi ya elimu. Kazi ya asubuhi mbili. Unga tulikuwa nao, mtu wa kumsindikiza hatukumtoa. Kijana alipoteza muhula mzima, na alipoingia darasani akawa mkubwa kuliko wenzake na akawa na haya.

Turudi Portland. Mnamo Juni 2019, kwa siku chache tu, mabasi yalianza kuleta familia za waomba hifadhi kutoka mpaka wa kusini, wengi wakiwa watu wa Kongo na Angola. Walikuwa wamepitia Amerika ya Kusini na misitu ya Panama na watoto migongoni. Hawa ndio wale wasio na shirika la kuwapokea. Nyumba za hifadhi za mji zilikuwa zimejaa. Mji ukafungua ukumbi wa michezo, unaoitwa Portland Expo, ukapanga vitanda vya kukunjwa pale wanapocheza mpira wa kikapu. Watu zaidi ya 400 walipita humo mpaka katikati ya Agosti. Wapishi, wakalimani na madaktari wakajitolea. Wananchi wakachanga pesa nyingi. Familia za wenyeji zikafungua nyumba zao na kukaa na wageni wakati vyumba vya kupanga vikitafutwa.

Lakini ukarimu haukuondoa fundo lenyewe. Kwa sheria ya wakati huo mwomba hifadhi alikaa karibu siku 180 baada ya kupeleka maombi yake ndipo aruhusiwe kufanya kazi. Mwanamume mwenye nguvu anakaa miezi sita akitazama ukuta, huku hoteli za mji huo huo zinatafuta wafanyakazi. Mji ulimlipia kodi kwa hati inayokwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Mlipa kodi wa hapo akanung'unika, "Kwa nini hawafanyi kazi?" Hakujua kwamba wamekatazwa. Sisi tunafikiri nusu ya chuki dhidi ya wageni inatokana na hapa: wenyeji wanaona matokeo ya sheria, wanadhani ni tabia ya mtu.

Chuki hiyo ilikuwa imekwisha kuonekana karibu na hapo miaka ya nyuma. Kuanzia mwanzo wa 2001, kwa kuwa vyumba vya Portland vilikuwa haba na ghali, Wasomali wakaanza kuhamia Lewiston, mji ulio ndani zaidi, mwendo wa kama saa moja kwa gari. Viwanda vya nguo vya Lewiston vilikuwa vimefungwa na nyumba ziko tupu. Katika mwaka mmoja na nusu hivi walifika zaidi ya 1,000 katika mji wa watu kama 36,000. Oktoba 2002 meya, Laurier Raymond, akawaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi akiwaomba wapunguze watu wanaokuja, kwamba mji umechoka. Wazee wakajibu kwamba wameumizwa. Kundi la wabaguzi wa rangi likasikia, likaona limepata nafasi, likaitisha mkutano Januari 2003. Walihudhuria watu wachache wa kuhesabika. Siku hiyo hiyo wenyeji zaidi ya 4,000 walikusanyika upande mwingine wa mji kuwaunga mkono majirani zao.

Hatutaki kumfanya meya kuwa shetani. Bajeti ilikuwa imembana kweli. Kosa lake, kwa maoni yetu, ni kwamba aliandika kwenye magazeti jambo ambalo angelisema akiwa ameketi na wazee, mbele ya chai.

Jambo la Lewiston linalohusu vikundi vyetu zaidi ni la shamba. Miongoni mwa waliofika baadaye walikuwemo Wasomali Wabantu, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka Tanzania, Malawi na Msumbiji ya leo. Wengine wao bado wanasema Kizigua. Walikaa Dadaab tangu vita vya 1991. Mwaka 2002 watu kama 12,000 walisafirishwa kwa mabasi mpaka Kakuma ili wahojiwe, na wengi wakaondoka kuanzia 2003 na 2004. Hawa ni wakulima wa kando ya mto Juba. Huko Marekani waliwekwa katika vyumba vya ghorofa, na wazee wakawa hawana la kufanya ila kukaa. Ndipo wakaunda chama chao, wakaomba mashamba ya kukodi, wakalima mahindi na mboga wanazozijua. Kuna wanaolima kila mtu kipande chake kwa chakula cha nyumbani, na kuna vikundi vya watu wachache wanaolima pamoja na kugawana mapato. Vikundi hivyo huitwa iskashito, maana yake ushirika. Mwaka 2020 chama hicho, Somali Bantu Community Association, kilipata ardhi ya eka 107 katika kijiji cha Wales, kwa mkataba wa muda mrefu, ili wasifukuzwe tena kila msimu na mwenye shamba.

Ilichukua zaidi ya miaka kumi tangu kufika mpaka kupata ardhi hiyo. Tunalitaja hilo kwa wale wanaotuuliza baada ya miezi miwili kama mgeni "amesimama."

Huku kwetu sheria ya wakimbizi ya mwaka 2021 ilianza kutumika Februari 2022, na Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, ili Dadaab na Kakuma ziwe miji ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia shule na hospitali pamoja. Vikundi vya Turkana na Garissa vinavyosoma gazeti hili vitaulizwa maswali haya mapema kuliko sisi wengine.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Kumbukeni mtu wa mwisho kuhamia hapa bila kitu. Nani alimsindikiza kwa chifu, shuleni na zahanati? Kama hakuna, kwa nini?

2. Katiba ya kikundi chenu inasema mwanachama lazima awe amekaa hapa muda gani? Sharti hilo liliwekwa kwa sababu gani, na bado lipo kwa sababu hiyo?

3. Mgeni asiyeweza kutoa mchango wa kila wiki anaweza kuleta nini kingine kinachoandikwa kwenye kitabu cha mweka hazina?

4. Ni nani hapa anayesikia lugha yake, mtu mzima, asiye ndugu yake na anayeweza kutunza siri?

5. Chagueni wawili watakaomtembelea siku ya tisini na moja. Katibu aandike majina yao na tarehe.