Safari na Mtoto Katika Msimu wa Vumbi: Nakivale, Mbarara na Mburo

Wilaya ya Isingiro imo katika ule ukanda mkavu wa wafugaji unaoikata Uganda kutoka kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki, na misimu yake ya kiangazi ni miwili: Juni hadi Agosti, kisha Desemba hadi Februari. Nyasi za vilimani hugeuka rangi ya makapi ya mahindi, na kila gari litokalo Nakivale kuelekea Kabingo huacha nyuma yake mkia wa vumbi jekundu. Ndugu zetu waliotoka Somalia na Eritrea, ambao wamelijua jangwa lenyewe, huucheka ukame huu. Lakini ndio msimu, hasa wakati wa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, ambapo wazazi wengi hufunga safari na watoto. Wengine huenda hospitali ya rufaa ya Mbarara, wengine huwatembelea jamaa mjini, na wachache, ambao tungependa wawe wengi, huenda kumwonyesha mtoto nchi hii anamokulia.

Somo letu la toleo hili ni namna ya kuiandaa safari hiyo. Tungeweza kuanza na maji, viatu na nauli, na tutafika huko. Tunaanza na kisa.

Siku moja, saa nane za mchana, mwanamke auzaye mahindi ya kuchoma alituletea msichana wa takriban miaka saba aliyemkuta akilia kando ya kituo cha taksi mjini Mbarara. Mtoto yule hakuwa mjinga. Alisema Kiswahili kizuri cha Kongo, alijua kusoma, na alipotulia alituhesabia hadi mia. Tulipomwuliza jina la baba alijibu, “Papa.” Tulipomwuliza jina la mama alitaja jina lake mwenyewe akilitanguliza neno Mama, maana hivyo ndivyo majirani wanavyomwita mzazi huyo tangu amzae. Anakaa wapi? Kambini. Wapi kambini? Karibu na mti mkubwa, karibu na bomba la maji. Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika, yapo tangu mwisho wa miaka ya 1950, na miti mikubwa iliyo karibu na bomba la maji haihesabiki.

Baba yake alikuwa mtaa wa pili. Alikuwa akimtafuta kwa sauti, akiingia duka hadi duka, na mara mbili alipita mbele ya kituo cha polisi bila kuingia. Kibali chake cha safari kilikuwa kimekwisha muda, naye aliogopa kwamba akiingia kuuliza habari za mtoto atazuiliwa yeye. Saa nne zilipita kabla ya mtu mmoja mwema kumshika mkono na kumleta.

Hofu ile hatumlaumu kwayo. Wengi waliofika Nakivale walikimbia mahali ambapo mtu mwenye sare ndiye aliyekuwa hatari, na si kweli kwamba kila askari wa hapa amefanya kazi ya kuiondoa hofu hiyo. Lakini tunaomba jambo hili lieleweke vizuri: kibali kilichokwisha muda ni shauri linaloweza kuzungumzwa kesho, na mtoto aliyepotea hana kesho. Mzazi aingie kituo cha kwanza anachokiona, aseme “nimepoteza mtoto,” na mengine yafuate baadaye.

Kutokana na kisa hicho tuliiona kasoro iliyo katika safari nyingi tunazozishuhudia. Mzazi hupanga kila kitu kwa kudhani kwamba hatatengana na mtoto. Mkono wake ndio kitambulisho cha mtoto, simu yake ndiyo kumbukumbu, kinywa chake ndicho kinachojibu. Mkono ukiachia kwa dakika moja tu kwenye msongamano, mtoto hubaki hana jina wala kwao. Kwa hiyo tunawaalika wazazi waanze kupanga kutoka upande wa pili: mtoto wangu akiwa peke yake mbele ya mtu asiyemjua, atajulikanaje?

Kazi hii huanza nyumbani, siku tatu au nne kabla ya safari, na mtoto wa miaka minne huiweza. Ajue majina kamili ya baba na mama, si majina ya heshima wanayoitwa na majirani. Ajue kwamba makazi yanaitwa Nakivale, ajue kama ni upande wa Base Camp, Juru au Rubondo, na jina la kijiji chake. Namba ya simu huingia upesi kichwani ikiimbwa. Mama mmoja wa Juru alitwambia kwamba mwanawe huiimba wakati wa kupiga mswaki, na sasa mtaa mzima unaijua namba yake. Tulicheka naye, ingawa jambo hilo pia lina ubaya wake. Asiyeweza kukariri aandikiwe namba kwenye kikaratasi kilichofungwa ndani ya nailoni na kushonewa upande wa ndani wa nguo. Tunasema upande wa ndani kwa makusudi. Jina lililoandikwa mgongoni au kifuani husomwa na kila mpita njia, na mtoto huamini kwa urahisi mtu amwitaye kwa jina.

Asubuhi ya kuondoka, mpige mtoto picha kwa simu akiwa amevaa nguo za safari, viatu vikionekana. Mzazi aliyeshtuka husahau rangi ya shati alilomvisha mwanawe mwenyewe. Tumeliona hilo mara nyingi mno, na huwa si dalili ya uzembe.

Kuhusu lugha, kuna neno la kusema. Mjini Mbarara wenyeji wengi husema Kinyankole, na mtoto anayejua Kiswahili, Kinyarwanda au Kisomali pekee anaweza kuzungukwa na watu wema wasiomwelewa. Mwombeni jirani ajuaye Kinyankole amfundishe mtoto sentensi moja tu: nimepotea, nipeleke polisi. Kwa upande wetu, Kiswahili kimekuwa lugha ya askari wa Uganda tangu zamani, na hiyo ndiyo sababu raia wengi wa nchi hii walikiogopa kwa miaka mingi. Kwa mtoto wa Nakivale historia hiyo imegeuka faida: akimfikia askari, anaweza kueleweka.

Sasa karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kutembea ndani ya Uganda, kwa kufuata mipaka iliyowekwa na sheria, na mkazi wa makazi anayetoka huomba kibali kwa ofisi ya mkuu wa makazi, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ombeni mapema, mkitaja siku za kwenda na za kurudi pamoja na jina la kila mtoto. Chukueni pia hati ya familia inayoonyesha watu wa kaya. Acheni nakala kwa jirani, na mwelezeni mwenyekiti wa kijiji mnakokwenda na mtakaporudi.

Wapo wanaosafiri na mtoto wasiyemzaa, na kwao tunaongeza neno. Katika Nakivale kuna shangazi, wajomba, mabibi na majirani wanaolea watoto waliofiwa au waliotenganishwa na wazazi wao njiani. Ni kazi kubwa, na barabarani ndiyo inayozua maswali mengi. Sheria ya mwaka 2009 ya kuzuia biashara haramu ya binadamu inaadhibu vikali mno usafirishaji wa watoto, na askari aliye kazini ana wajibu wa kumwuliza mtu mzima aliye na mtoto: huyu ni nani wako? Atamwuliza mtoto pia, pengine kando. Msichukue swali hilo kuwa tusi. Kama mtoto hayumo katika hati ya familia yenu, pitieni kwanza ofisi ya ulinzi wa watoto kwenye makazi ili uhusiano wenu uandikwe, na kama mzazi wake yu hai, aandike barua ya ridhaa yenye namba yake ya simu. Mtoto naye aambiwe ukweli wa safari. Mtoto anayesema “tunakwenda kwa shangazi” huku mtu mzima anasema “hospitali” atawachelewesha wote wawili, na sisi hatutaomba radhi kwa kuwachelewesha.

Askari akiomba fedha ili mpite, mwulizeni jina na namba yake kwa adabu, mkaripoti kwa mkuu wa kituo au kwa kitengo cha polisi kinachosimamia maadili ya kazi. Tunaandika hivi katika jarida la polisi kwa sababu tunajua yanatokea.

Njia yenyewe ina uzuri wake, na asiyewahi kuipita na mtoto hajaiona. Kutoka Nakivale hadi Kabingo, makao ya wilaya, ni vumbi. Fungeni vioo hata kukiwa na joto, na mtoto mwenye pumu afunikwe pua kwa kitambaa chenye unyevu. Kabingo ndipo lami inapopokea, ile itokayo Kikagati mpakani mwa Tanzania, na kupitia Kaberebere mnafika Mbarara kati ya vilima vya migomba na ng'ombe wenye pembe ndefu. Ondokeni alfajiri. Kunywesheni maji kidogo kidogo njia nzima, maana mtoto mdogo hasemi kiu mpaka imzidie, na msinunue maji ya chupa ambayo kizibo chake kimeshafunguliwa.

Taksi iliyojaa kupita kiasi iacheni iende. Tunajua tunavyoombwa tusiseme hivyo, kwa kuwa ijayo huenda ikachelewa, lakini mtoto aliyepakatwa mlangoni ndiye wa kwanza kurushwa nje gari likifunga breki. Kwenye bodaboda sheria hairuhusu zaidi ya abiria mmoja. Baba, mama na watoto wawili juu ya pikipiki moja katika vumbi ambalo dereva hawezi kuona mbele yake: hiyo tunaiona kila wiki.

Jambo linalofuata halizungumzwi vya kutosha. Katika Kongo, Rwanda, Burundi, Somalia, Ethiopia na Eritrea magari hupita upande wa kulia wa barabara. Uganda, kama Kenya na Tanzania, hutumia upande wa kushoto. Mzazi aliyekulia Bukavu au Mogadishu bado hugeuza shingo kushoto kwanza kabla ya kuvuka, na mtoto huiga shingo ya mzazi. Gari la kwanza kumfikia hapa hutokea kuliani. Ndani ya makazi, ambako magari ni machache, kosa hilo halionekani. Mjini Mbarara, ambao ni jiji tangu Julai 2020, kosa hilo hulipiwa. Fanyeni zoezi kabla ya safari: mchoreeni mtoto barabara ardhini kwa kijiti, asimame ukingoni, atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena. Na mkishuka kwenye gari, msivuke mpaka limeondoka, maana mtoto anayetokeza mbele ya taksi iliyosimama haonekani na anayekuja kwa kasi.

Wenye siku ya ziada waelekee mashariki, barabara ya Masaka. Pale Biharwe pana kituo cha utamaduni cha Igongo chenye makumbusho ya Ankole, na mnara wa kukumbuka kupatwa kwa jua mwaka 1520. Masimulizi ya wazee yanasema jeshi la Bunyoro lilitishwa na giza lile la mchana likawaacha ng'ombe waliotekwa. Hatujaona bado mtoto asiyekipenda kisa hicho. Mbele zaidi, karibu na Sanga, mnaweza kuwaona punda milia wakila nyasi kandokando ya lami kabla hata ya kufika langoni mwa hifadhi ya taifa ya Ziwa Mburo, iliyo hifadhi tangu mwaka 1983. Humo kuna swala pala, ambao inasemwa ndio walioipa Kampala jina, na twiga walioletwa kutoka Murchison mwaka 2015. Mwambieni mtoto pia kwamba Mburo na Nakivale ni ardhioevu moja: maji anayoyaona nyumbani na haya ni ndugu.

Ulizeni viingilio mapema, na mkiwa ndani msishuke garini ila pale mlinzi wa hifadhi anaporuhusu. Wanyama wa Mburo hutoka na kuingia watakavyo, kwa hiyo barabara ile si ya kusafiria usiku.

Mwisho, mahali pa kukutania. Kila mnaposhuka, kabla ya kununua chochote, mwonyesheni mtoto kitu kimoja kisichohama, kama lango la hospitali au duka la rangi inayoonekana mbali, mseme: tukipotezana, simama hapa, usiondoke, mimi ndiye nitakayekuja. Gari si alama, kwa kuwa huondoka. Akisubiri na asione mtu, amwendee mama mwenye watoto au askari. Msimtishe mtoto nyumbani kwa kumwambia “nitakuitia polisi,” kwa kuwa siku atakayotuhitaji atatukimbia, kama baba wa yule msichana alivyotupita mara mbili.

Simu za dharura za polisi ni 999 au 112, na ya msaada kwa watoto ni 116. Kila kituo kikubwa kina ofisa wa kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia: mwombeni huyo kwa jina la kitengo chake, na kama mnataka kusema kwa Kiswahili, semeni hivyo tangu mwanzo.