KUKU WACHACHE KATIKA LUPANGO: NAMNA YA KUWALINDA NA BARIDI

Mama, mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa bukari tupu anaweza kuvimba miguu, nywele zake zinageuka rangi, hataki tena kucheza. Ugonjwa huo ni kwashiorkor. Yai lililopikwa mpaka likauke ni chakula cha kujenga mwili wake. Kuku majike 4 na jogoo 1 katika lupango watakusaidia kulipata.

Lakini mama wengi wanasema: «Nilifuga kuku, baridi ikawamaliza.» Lubumbashi iko juu, karibu meta 1.200. Mwezi wa 6 na wa 7, baridi ya usiku inaweza kushuka chini ya digrii 10. Basi, tufanye namna gani?

1. Chagua wakati. Kuku analalia mayai siku 21. Kifaranga anahitaji wiki 5 au 6 ili apate manyoya ya kutosha. Lalisha kuku mwezi wa 2 au mwanzo wa mwezi wa 3. Baridi ikifika, vifaranga wamekwisha kuvaa manyoya. Mayai ya mwezi wa 5 na wa 6 usiyalalishe: watoto wayale.

2. Jenga kibanda. Kuku mkubwa anavumilia baridi, kama ni mkavu na upepo haumpigi. Upepo wa kiangazi unatoka zaidi mashariki, basi mlango usitazame huko. Weka mti wa kulalia juu, na nyasi kavu chini. Nyasi zikilowa, zitupe. Acha tundu juu ili hewa ipite.

3. Sikiliza vifaranga. Wakisongamana na kulia, wanaona baridi. Wakiachana na kuhema, wanaona joto. Mama yao ndiye moto wao: usimtenganishe nao. Kama amekufa, watie katika karatoni yenye nyasi, pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Badilisha maji yakipoa, hata usiku.

4. Usilaze kuku chumbani. Wengine wanawaingiza ndani kwa kuogopa baridi na wezi. Mtoto anayetambaa anashika mavi ya kuku, anatia mkono mdomoni, anaanza kuhara. Kibanda kiwe karibu na nyumba, na kufuli mlangoni. Nawa mikono na sabuni ukitoka humo. Tena, usitie mbabula ya makala mahali palipofungwa, kwa kuku wala kwa watu. Hewa yake ya sumu haionekani, lakini inaua.

5. Si kila kifo ni baridi. Kuku wengi wakifa kwa siku chache, wakihara majani na kupinda shingo, huenda ni ugonjwa wa Newcastle. Hauna dawa, una chanjo, na chanjo hiyo inarudiwa. Uliza munganga wa wanyama mbele ya ugonjwa kufika. Kuku mpya wa sokoni akae peke yake wiki 2.

Chakula: pumba ya mahindi, mchwa, majani ya lenga-lenga, na maji safi kila asubuhi.

MASWALI
Kwa nini hatulalishi kuku mwezi wa 5?
Kuku walale wapi, na kwa nini?
Yai la leo litaliwa na nani?

Mama, usiuze mayai yote. Mtoto aliyepita miezi 6 apate lake kwanza, limepondwa ndani ya uji. Yanayobaki yaende sokoni.