Kuliamsha Trekta la Babu

Wasomaji wengi wa gazeti letu ni watoto wa wakulima, na huenda kwao pia liko trekta la marehemu babu lililofunikwa turubai. La kwetu Karatu ni Massey Ferguson 35, lililoundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1962, lenye injini ya Perkins ya dizeli, silinda 3. Lilikuwa limelala ghalani miaka 19. Likizo iliyopita baba mdogo alitaka livutwe kwa mnyororo mpaka liwake, maana msimu wa kulima ulikaribia. Nikamwomba, “Baba mdogo, nipe siku tatu tu.” Akacheka, akanipa.

Sababu ni hii. Ringi za pistoni ni za chuma, na kuta za silinda ni za chuma pia. Unyevu ukiingia kwa bomba la moshi, vyote viwili hushikana kwa kutu. Ukilazimisha, ringi hukatika na kuta huchubuka, nawe umeharibu injini ambayo ilikuwa nzima.

Basi tulifungua nozeli zote tatu, tukamimina oili nyepesi kidogo katika kila silinda, tukaiacha siku mbili. Siku ya tatu tulishika kwa spana ndefu nati ya puli iliyo mbele ya injini, tukaisukuma polepole, mbele na nyuma. Ilikataa, kisha ikasogea kama upana wa kidole. Kabla ya kurudisha nozeli tuliizungusha mara nyingi ili oili itoke, kwa kuwa oili haibanwi kama hewa, na ikijaa juu ya pistoni huweza kupinda konrodi.

Dizeli ya zamani tuliimwaga, tukasafisha tangi, tukatia filta na oili mpya, tukatoa upepo katika mipira na pampu. (Kwenye chujio la hewa tulikuta kiota cha panya.)

Yafaa kujua hatari moja. Ndani ya pampu, kifaa cha kupimia dizeli huweza kuwa kimekwama wazi. Injini ikiwaka hukimbia ovyo, wala haisikii kizimio. Kwa hiyo dada alisimama na ubao, tayari kuziba tundu la kuvutia hewa. Kamwe usitumie kiganja!

Liliwaka mara ya nne, kwa moshi mweupe mwingi, na geji ya oili ikapanda. Ubao haukutumika. Klachi ndiyo bado imeganda, na baba mdogo sasa haulizi tena habari za mnyororo.