SOMO LA WANACHAMA: IDADI YA WATU NA NJIA ZA KIJIJI



Mkaguzi afikapo katika chama cha msingi huoneshwa daftari la fedha, la mizani na la ghala. Ni mara chache huoneshwa karatasi isemayo chama kina kaya ngapi, zinakaa wapi, na njia ya kuzifikia hupitika miezi gani. Somo hili laeleza jinsi karatasi hiyo inavyogusa malipo ya mkulima.

1. Kuijua idadi ya watu

Sensa ya mwaka 2002 ilionesha kuwa Wilaya ya Mbinga ilikuwa na watu 404,799. Sensa ya mwaka 2012 ilionesha watu 353,683. Msomaji mwenye haraka angesema watu wamepungua. Sivyo. Ukanda wa ziwa ulikuwa umetengwa kuwa Wilaya ya Nyasa, ambayo mwaka huo wa 2012 ilihesabiwa watu 146,160. Tukijumlisha, eneo lile lile lilikuwa na watu 499,843, yaani ongezeko la watu 95,044 katika miaka 10. Basi, kabla ya kulinganisha hesabu mbili, tuulize kwanza kama mipaka ni ile ile. Kijiji kikigawanywa, daftari la wanachama nalo halina budi kupitiwa upya.

2. Kuzijua njia

Leo lami yatoka Songea hadi Mbinga, na kutoka Mbinga yateremka kilomita 66 hadi Mbamba Bay. Ziwani, meli ya MV Mbeya II ilianza kusafirisha abiria mwaka 2021. Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, mkulima wa milimani hakai kando ya lami. Kahawa yake huanza safari kichwani au kwa pikipiki, na mara nyingi kipande hicho kifupi ndicho kilicho ghali kuliko vyote. Akishindwa nacho, hushawishika kuuza kahawa ingali mtini kwa wanunuzi wa magoma, na chama hupoteza mzigo na mwanachama pamoja.

3. Hesabu ya gari

Tuseme lori la tani 7 lakodiwa kwa shilingi 700,000. Likijaa, kila kilo yalipa shilingi 100. Likiondoka na tani 4 tu, kila kilo yalipa shilingi 175. Shilingi 75 zilizozidi hutoka katika malipo ya mkulima. Chama kinachojua idadi ya kaya na makadirio ya mavuno ya kila kitongoji kitapanga siku ya kukusanya mzigo ili lori lijae.

4. Gari lisirudi tupu

Kahawa huvunwa na kuteremshwa wakati wa kiangazi, njia zikiwa kavu. Mbolea huhitajika mvua zinapoanza, mwezi Novemba au Desemba, wakati ambapo matope hufunga njia nyingi za milimani. Kwa hiyo lori linaloshusha kahawa mwezi Agosti na lipandishe mbolea siku hiyo hiyo, kwa mkataba mmoja wa kwenda na kurudi. Jambo hili lataka mambo matatu: oda ya mbolea itolewe mapema, fedha zake zipangwe kabla ya msimu, na ghala la kijiji liwe kavu na lenye kufuli. Kamati ikingoja hadi Novemba, mwanachama wa mbali atapata mbolea ikiwa imechelewa, kwa bei ya juu, au hataipata kabisa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadiliwa katika mkutano wa wanachama

(a) Chama chetu kina kaya ngapi, na ngapi ziko mbali na njia ya gari?
(b) Njia ipi hufungwa na mvua, na tangu mwezi gani?
(c) Msimu uliopita malori mangapi yaliondoka bila kujaa, na mangapi yalirudi matupu?
(d) Je, nauli igawanywe sawa kwa wanachama wote, au wa mbali walipe zaidi? Toeni sababu.